Jina la Leso

Kwetu Pwani, maneno yaliyochapwa kwenye leso huitwa jina. Leso ina jina, basi, lakini si jina la mtu. Nimeshaandika zaidi ya mara moja kuwa hii ni sanaa kali kuliko zote tulizo nazo za kusutana: jirani ananunua leso yake Biashara Street, anajifunga, anapita mlangoni pako mara tatu kabla ya adhuhuri, na hajakutaja. Ukikasirika, umejitaja mwenyewe.

Nilistarehe na hoja hiyo mpaka mwaka jana.

Asubuhi moja, kwenye steji ya Bombolulu, mama mmoja, jirani ya dada yangu, alimtolea kondakta maneno. Ugomvi ulikuwa wa chenji. Alimtupia sarafu miguuni, akamwambia arudi kwao bara, akaongeza na ya mamake. Kijana hakujibu. Mtu akarekodi. Klipu iliponifikia kwenye WhatsApp niliiandikia sentensi moja, yenye vina, kwa mtindo ule ule wa leso, nikaituma kwenye magrupu mawili. Siirudii hapa. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kufikia magharibi ilikuwa imenirudia kutoka kwa mtu wa Changamwe nisiyemjua, kisha kutoka Likoni, video imekatwa ikawa fupi zaidi, sentensi yangu haijaguswa hata koma.

Alikosa. Bado nasema alikosa. Neno hilo "bara", likitoka kwenye vinywa vyetu kwa namna ile, limeshaumiza watu wa kutosha.

Lakini mimi nilikosa wapi? Nilikuwa nikiisifu leso kwa sababu inaficha, na kumbe haifichi kitu; mtaa mzima hujua nani anasutwa. Huruma yake iko kwingine. Anayeivaa naye anaonekana. Anatembea nayo mwilini, na kesho anaweza kujibiwa kwa leso nyingine. Tena wanaoisoma ni watu wanaomjua anayesutwa kwa mengine pia: aliyewahi kuosha maiti yao, aliyewakopesha sukari. Aibu inapata mahali pa kupimwa. Sentensi yangu haikuwa na mvaaji. Ilikwenda hadi kwa watu ambao kwao mama yule alikuwa zile sekunde tu.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, alinipinga. Mbona Siti binti Saad alitaja? Kweli, alitaja. Wimbo wake wa "Kijiti", wa enzi za santuri za miaka ya 1920, unamtaja mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni Unguja kisha akatoroka, huku wanawake waliokwenda kusema ukweli mahakamani wakiishia kuadhibiwa wao. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliupokea akauimba, na jina lile bado liko midomoni karibu karne nzima baadaye. Nilijifunika kwa wimbo huo kama wiki mbili hivi. Lakini Siti alitaja muuaji ambaye sheria haikumfikia. Aliimba kwa sauti yake na jina lake, na akasimulia kisa, si kipande. Mimi nilimtaja muuza viazi karai ambaye mlango wake u hatua chache kutoka kwa dada yangu. Ningeweza kwenda kumwambia kwa mdomo. (Wenye majumba na magari makubwa, wanaotukana makondakta kila siku kupitia dirishani, sijawahi kuwatungia hata nusu mstari.)

Sheria imeanza kuyatazama mambo haya, kwa upande mmoja. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kabla ya hapo, 2017, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kuwa mtu asifungwe kwa kumchafulia mwenzake jina, na mimi niliushangilia uamuzi huo kama mwandishi, ningali naushangilia. Sitaki kufungwa kwa sentensi. Lakini picha ina mwenyewe wa kulalamika kwa Kamishna. Kicheko unakishtaki wapi?

Baada ya mwezi hivi dada yangu alinipeleka. Kibao cha viazi kilikuwa kimeegeshwa ukutani, karai limepinduliwa. Nilimwamkia mama, akaitikia, akanitazama kidogo.

"Ndiwe uloandika yale maneno?"

"Ndimi, mama."

"Watu walicheka sana."

Sikuwa na jibu. Nilianza kuomba radhi, nikazunguka, nikajikuta naeleza habari za bara na pwani kana kwamba niko kwenye kongamano. Aliningoja nimalize.

"Na yule kijana wa watu," akasema, "yeye alicheka?"

Klipu ile nilikuwa nimeitazama mara nyingi. Kila inapochezwa anatukanwa upya, mbele ya watu wapya. Nilikuwa sijamtafuta.