Nozo Lazima Ilie

Gari la dizeli likikataliwa kwenye ukaguzi kwa moshi mweusi, mafundi wengi hukimbilia bisibisi. Hulegeza skrubu ya pampu, mafuta yakapungua, moshi ukakatika, gari likapita. Mwenyewe atajua alichouziwa siku akiwa na mzigo katikati ya mlima Kitonga.

Fundi wangu wa Gerezani, Dar es Salaam, pampu huigusa mwisho. Kwanza hutoa filta ya hewa na kuichungulia juani, maana moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa, na pengine shida nzima ni vumbi. Kisha, injini ikinguruma taratibu, analegeza nati ya bomba la kila nozo, moja baada ya nyingine, huku ametega sikio. Ya kwanza, injini inatetemeka: hiyo nzima. Kufika ya tatu, mngurumo ni uleule, ila moshi unapungua. Mwizi kapatikana.

Nozo inafungwa kwenye pampu ya mkono yenye geji. Kwa injini kama 1HZ ya Land Cruiser, presha ikifika kama baa 150, nozo nzima hulia, mlio mkavu wa kukwaruza, na dizeli hutoka kama ukungu. (Kidole usipeleke, msukumo ule hupenyeza mafuta ndani ya ngozi.) Yangu haikulia. Ilikojoa, kama wasemavyo wenyewe. Mwaka 2015 Afrika Mashariki ilishusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na ni jambo jema, lakini dizeli safi ikidondoka kwa matone bado inakuwa masizi.

Ninachokaa kukitazama mimi ni sindano ya ndani ya nozo. Fundi anaiosha, anaichovya kwenye dizeli safi, anaivuta nje theluthi moja, anaiachia. Inatakiwa ishuke kwa uzito wake tu. Ikisita, anaosha tena. Nilihesabu mara tano. Nafasi kati yake na ala yake ni mikroni chache, kwa hiyo kitambaa chenye nyuzi hakikaribii meza ile, wala sindano haihamishiwi nozo nyingine.

Mara ya sita iliteleza. Akaongeza washa nyembamba juu ya springi kupandisha presha.

“Sasa litapita?” nikauliza.

“Tuisikilize kwanza, mzee.”

Ikalia. Akairudia mara tatu, kisha akafungua nozo ya nne, ambayo hakuna aliyeilalamikia.