Mashua Nyingine Ziwani

Katika sura ya 4 ya Injili ya Marko kuna neno dogo ambalo wengi wetu hulipita haraka. Jioni ile ya dhoruba, Yesu alipovuka ziwa pamoja na wanafunzi wake, Marko anataja kwamba zilikuwako mashua nyingine pia. Baada ya hapo hazitaji tena. Tunajua jinsi wanafunzi walivyoogopa na jinsi walivyomwamsha Bwana. Hatujui ni akina nani waliokuwamo katika mashua zile nyingine, wala walilia kwa nani. Lakini upepo uliwapiga wao pia, na utulivu ulipokuja uliwafikia wao pia.

Neno hilo lilinirudia nilipotazama filamu ya Kimarekani iitwayo Sunfish (& Other Stories on Green Lake). Ni filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Sierra Falconer, na ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2025. Green Lake ni ziwa lililopo Interlochen, kaskazini mwa jimbo la Michigan, ambako watu humiminika majira ya joto kuogelea, kuvua na kupumzika. Filamu haina hadithi moja. Ina nne, nazo zinafuatana kama wageni wanaopokezana chumba.

Katika ya kwanza, binti aitwaye Lu ameachwa kwa babu na bibi yake, kwa kuwa mama yake ameolewa na ameondoka na mumewe mpya. Lu anajifunza kuendesha Sunfish, mashua ndogo ya tanga moja. Katika ya pili yuko Jun, kijana mpiga fidla aliye kwenye kambi ya muziki, anayepigania kiti cha kwanza katika okestra huku matarajio ya mama yake yakimlemea. Katika ya tatu, Annie, mama anayelea mtoto peke yake, anaungana na mvuvi anayesaka samaki mmoja mkubwa mno. Katika ya nne, dada wawili wanaendesha nyumba ya wageni, nao wanajua kwamba hiki ndicho kiangazi chao cha mwisho pamoja.

Muumini anayezoea filamu za injili ataona upungufu upesi: hapa hakuna mahubiri, wala hakuna anayeokoka mwishoni. Mimi sioni kasoro hapo. Falconer anafanya kazi ambayo mhubiri mzuri angeitamani. Anamtazama mtu mmoja mmoja bila haraka na bila kumcheka. Lu hafundishwi kwa maneno mengi kwamba bado anapendwa. Anapewa kamba ya tanga, naye anagundua kwamba upepo ule ule unaoweza kumpindua ndio unaompeleka mbele. Zaburi ya 27 inasema habari ya mtu aliyeachwa na baba na mama, naye akapokelewa na Bwana. Mara nyingi mapokezi hayo huja kwa mikono ya babu na bibi. Wengi tuliolelewa na bibi tunajua hivyo bila kuelezwa.

Hadithi ya Jun inatugusa zaidi ya tunavyopenda kukiri. Tunasema kila mtu ni sawa mbele za Mungu, kisha tunamuuliza mtoto amekuwa wa ngapi darasani kabla hatujamuuliza kama amelala vizuri. Mtoto huyo atajifunza mapema kwamba nafasi yake ndiyo jina lake. Hata kwaya zetu zina viti vya kwanza, na zimewahi kuvunjika kwa sababu yake.

Lakini ninayo manung'uniko. Watu hawa wote wanaishi kando ya maji yale yale, jua lile lile linawachomea wote, na bado kila hadithi inabaki katika mashua yake. Ikiisha, watu wake wanaondoka na wengine wanaingia. Mtazamaji peke yake ndiye anayejua kwamba ng'ambo ya pili kuna binti aliyeachwa, kijana aliyechoka, mama mwenye mzigo. Filamu imetupa nafasi ya kuwaona wote kwa pamoja, kisha imeridhika na kutazama. Nilitamani mmoja wao ainue macho na kumwuliza mwenzake: na wewe, upepo unakupeleka wapi?

Nilipokuwa nanung'unika hivyo, nilijikuta nashtakiwa na maneno yangu mwenyewe. Katika usharika wetu nimekaa benchi moja na mzee mmoja kwa karibu miaka sita. Kila Jumapili tunashikana mikono, namwuliza habari za nyumbani, ananijibu nzuri, nami nafungua kitabu changu cha nyimbo. Siku moja lilisomwa tangazo lake la shukrani. Mkewe alikuwa ametoka hospitali baada ya miezi minne. Miezi minne! Mzee akasimama, akatushukuru sisi washarika kwa maombi yetu. Mimi sikuwa nimeomba hata mara moja. Sikujua, na sikujua kwa sababu sikuwahi kungoja jibu la pili.

Kwa hiyo siwezi kumlaumu sana Falconer. Ameonyesha ukweli ulivyo. Watu wanaweza kukaa pamoja mahali pamoja, wakaimba wimbo mmoja, wakala meza moja ya Bwana, na bado kila mmoja akapigana na dhoruba yake peke yake. Ziwa haliwafanyi watu kuwa jumuiya, na jengo la kanisa pia haliwafanyi. Filamu inaweza kuishia kwenye kutazama, kwa kuwa ni filamu. Kanisa haliwezi kuishia hapo. Yeye aliyekemea upepo alizijali mashua zote zilizokuwa ziwani, hata zile ambazo majina ya waliokuwamo hatukuambiwa.

Jumapili iliyofuata nilimsalimia mzee wangu kama kawaida. Akanijibu kwamba habari za nyumbani ni nzuri. Sikufungua kitabu cha nyimbo. Nikamwuliza, "Na mama anaendeleaje?" Akanitazama kidogo, akasogea karibu, akaanza kusema.