Kamba, Kiondo na Asili ya Jiometri

Vitabu vingi vya shule husimulia asili ya jiometri kwa namna moja: kwamba ilizaliwa Misri, mto Nile ulipofuta mipaka ya mashamba, kisha Wayunani wakaikamilisha. Chimbuko la habari hii ni Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Yeye alitaja kodi: mto ulipomega shamba la mtu, wapimaji walitumwa ili kodi ipunguzwe kwa kadiri ya ardhi iliyopotea. Aristotle alitoa sababu nyingine, kwamba hesabu ilianza Misri kwa kuwa makuhani walikuwa na wasaa wa kufikiri. Mmoja ataja haja, mwingine ataja wasaa; lakini wote wawili wamesahau mikono ya mafundi.

Aliyeikumbuka ni Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha miaka mingi nchini Msumbiji na kufariki mwaka 2014. Alidai kwamba mawazo ya jiometri yalizaliwa pia katika kusuka na kufuma, kwa kuwa ukindu na uzi humlazimisha fundi kutafuta umbo lifaalo.

Dai hili tulipime Kitui. Mama asukaye kiondo huanzia katikati ya kitako, akazungusha uzi duara baada ya duara. Kadiri kitako kipanukavyo, huongeza nyuzi za mtande. Akiongeza chache mno, kitako huinuka kama bakuli. Akizidisha, hufanya mawimbi. Ili kikae sawasawa, nyongeza ya kila mzunguko haina budi kuwa ile ile, maana mzingo wa duara hukua kwa uwiano mmoja na kipenyo chake. Akiacha kuongeza, ukuta wa kiondo husimama. Hapa Gerdes ameshinda: hii si bahati, ni maarifa.

Lakini tusipite kiasi katika kusifu. Gerdes mwenyewe alikiri kwamba fundi aigaye mtindo aliourithi kwa kawaida hafanyi hisabati. Aliyeifanya ni yule wa kwanza aliyeuvumbua. Wanaosema kwamba kila kiondo ni kitabu cha Euclid humpa msukaji sifa asiyoihitaji, na humnyima mwanafunzi jambo kubwa, nalo ni uthibitisho.

Tazama tena matuta ya Makueni, yale yaitwayo fanya juu, ambayo yalienea Ukambani tangu miaka ya 1950. Mkulima huchimba mtaro kukata mteremko na kutupa udongo upande wa juu. Ili mtaro usipeleke maji upande mmoja, watu wawili hushika fito mbili zenye urefu sawa, zimesimama wima, na kamba iliyokazwa baina yake. Pimamaji huning'inia katikati. Kiputo kikitulia kati, nyayo za fito zi katika kimo kimoja. Mkulima aamini kwa sababu mvua imemshuhudia. Euclid, aliyeandika Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, athibitisha katika hoja ya 33 ya kitabu chake cha kwanza: mistari iungayo ncha za mistari miwili iliyo sawa na sambamba, nayo ni sawa na sambamba. Basi kamba ikilala sawa juu, ardhi nayo i sawa chini, Makueni na popote pengine.

Hukumu yetu ni hii. Kosa la vitabu vya shule si kuitaja Misri, ambayo nayo ni Afrika. Kosa ni kuipa jiometri mlango mmoja. Mikono iliigundua mahali pengi. Uthibitisho uliifanya iwe mali ya wote. Mwanafunzi adhaniye kwamba jiometri ni mgeni hukariri tu. Na adhaniye kwamba kiondo chatosha haulizi kwa nini. Mwenye kufaidi ni yule akitazamaye kiondo, akauliza, kisha akathibitisha.