"Utubora Mkulima" na Heshima ya Neno Moja

Wasomaji wengi humjua Shaaban Robert kwa Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, na kwa mashairi waliyosomeshwa darasani. Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake, hakikupata bahati hiyo. Hata hivyo kinastahili kusomwa na mtu mzima, hasa aliyeajiriwa, na Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kukipimia.

Kisa chenyewe ni chepesi. Utubora anaacha kazi ya mshahara mjini, anahamia Busutamu kuishi kwa jembe. Mwanafunzi hawezi kuuona uzito wa uamuzi huo, maana hajapata mshahara wa kuuacha. Mwandishi aliujua vema, kwa kuwa yeye mwenyewe aliingia ukarani serikalini mwaka 1926 na akautumikia kwa miaka mingi.

Ifakara, walimu, wauguzi na makarani wengi wana majaruba ya mpunga, na msimu ukifika ofisi na shamba humgombania mtu mmoja. Hata hivyo, katika ofisi zetu bado husikika kauli hii: "Hana kazi, ni mkulima tu." Kwa kauli hiyo kazi imefanywa kuwa ajira peke yake, na ukulima umehesabiwa kuwa ukosefu wa kazi. Shaaban Robert alifanya kinyume. Aliliweka neno mkulima ubavuni mwa Utubora, likasomeka kama cheo.

Kitabu kina upungufu wake. Kinahusu zaidi utu wa mkulima kuliko ukulima wenyewe. Msomaji wa Kilombero atatafuta humo kuburuga matope, kupandikiza miche, dungu la kuamia ndege, kupura na kupepeta. Atakachopata kwa wingi ni maadili. Lakini utajiri wa lugha umo katika kazi hizo pia. Mahali Kiingereza kinapotosheka na neno moja, sisi tuna mpunga, mchele na wali, na kila moja lina mahali pake.

Kwa hiyo kitabu na bonde vinakamilishana: kimoja kinampa mkulima heshima, kingine kinatupa majina ya kazi zake. Mfasiri anahitaji vyote viwili. Taarifa nyingi humwita mwananchi huyu "mkulima mdogo". Udogo ni wa shamba, si wa mtu. "Mkulima mwenye shamba dogo" ni maelezo marefu kidogo, lakini ni ya kweli na hayamdunishi anayetajwa.

Yafaa basi walimu wa elimu ya watu wazima wakitumie kitabu hiki pamoja na wakulima wenyewe, na wayaandike maneno ya shambani yatakayotajwa katika mazungumzo. Hayo yafikishwe kwa watunga istilahi kabla ya kuundwa maneno mapya ya mambo ambayo tayari yana majina.