Jina la Uwanja wa Nyamirambo

Mwezi Machi 2023 uwanja wa Nyamirambo, hapa Kigali, ulipewa jina la Pelé. Heshima hiyo hatuipingi. Ila jina la mahali ni somo, na somo hili halimtaji kijana hata mmoja wa shule zetu. Sekondari ya Saint-André ipo Nyamirambo hiyo hiyo; lakini historia za shule, zinapoandikwa, huorodhesha waasisi na wakuu, zikawaacha wanakandanda vinywani mwa wazee. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na wazee wa Biryogo wanakimudu hasa, pengine kutushinda sisi wenye vyeti. Basi, walimu wenzetu, insha ya muhula ujao tusiitafute mbali: wanafunzi wakawahoji wazee hao kabla hawajatutoka.