Mililita 100: nimesoma bango, sasa nalikosoa

Kwenye ukurasa huu tumezoea kukosoa vitabu, filamu na, mara nyingi, serikali. Leo mniruhusu nikosoe andiko fupi sana, ambalo kila mhitimu wa Likasi atakutana nalo siku akipanda ndege ya kwenda mbali: lile bango lenye picha ya chupa, mstari mwekundu na namba 100. Juzi mdogo wetu mmoja anayejiandaa kwenda kusoma ng'ambo aliuliza kwenye kundi: "Bayaya, mafuta ya ngazi inaweza kuingia mu mufuko ya mukono?" Majibu yalikuja mengi, na kila mtu na lake. Mimi nilinyamaza, juu ya haya. Jibu langu liko na historia.

Miaka michache iliyopita nilipata ufadhili wa masomo wa mwaka mmoja Ulaya. Mama alinunua asali ya pori kwa mzee mmoja anayeileta kutoka upande wa Kambove. Akaichuja kwa kitambaa, akaijaza kwenye chupa kubwa ya bia aliyoazima kwa jirani yetu wa Kikula anayeuza vinywaji, akaiziba na kuizungushia plastiki mara tatu. Niliogopa itapasuka ndani ya valizi, kwa hiyo niliibeba mkononi, kama mtoto mchanga.

Sitasema ni uwanja gani, maana kisa hiki kinaweza kumkuta mtu popote. Kwenye ukaguzi wakaitoa chupa. Nikaeleza, kwa Kifaransa changu chote, kwamba asali si maji. Mkaguzi hakubishana. Alinyoosha kidole kwenye bango. Mimi niliyesoma kemia ya viwanda, niliyefanya mtihani juu ya vimiminika vizito na vyepesi, nilisimama pale nikitetea eti asali si kimiminika. Chupa ikaingia pipani, na mlio wake nausikia hadi leo.

Jioni ya kwanza kule, mama akapiga simu. "Mwana yangu, ile asali ilifikaka?" Nikajibu: "Eyo mama, ilifika muzuri." Mwaka mzima aliendelea kuuliza, na mimi nikaendelea kuila kwa mdomo asali ambayo haikufika.

Basi, nikosoe. Ila mkosoaji wa haki anaanza kwa kumsikiliza mwandishi. Bango hili halikuandikwa na mtu aliyechukia mama zetu. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamevunja njama ya kulipua ndege zinazoruka kutoka London kwenda Amerika ya Kaskazini, kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa ndani ya chupa za soda. Siku hiyo vimiminika vilizuiwa karibu vyote. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani: Desemba 1994 Ramzi Yousef alikuwa ameshatega bomu la namna hiyo kwenye ndege ya Philippine Airlines, na abiria mmoja Mjapani akafa. Mwisho wa Septemba 2006 Wamarekani walilegeza marufuku. Novemba 2006 Umoja wa Ulaya ukaweka sheria ya mililita 100 kwa kila chombo, vyote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki unaoonekana ndani, usiozidi lita 1. Kisha shirika la kimataifa la usafiri wa anga likaipendekeza kwa nchi zote.

Sababu yake inaeleweka. Mashine ya eksirei ya kawaida inaona umbo na uzito wa kitu, lakini inapata shida kutofautisha maji ya kunywa na maji ya kulipua. Kama huwezi kujua kilichomo, unapunguza kiasi. Sisi watu wa Likasi hatuwezi kujifanya hatujui kwamba maji yanaweza kuua. Shituru tunaishi nayo. Asidi ya salfa ndiyo inayotoa shaba kwenye mawe, na malori ya asidi yanapita kwenye barabara zetu mchana na usiku. Februari 2019, kule Lualaba, lori moja la asidi liligongana na magari mengine, na watu karibu 20 wakafa. Kwa hiyo wazo la bango nalikubali. Lawama yangu iko kwenye namna linavyosema na wakati linaposema.

Kosa la kwanza ni neno lenyewe. Bango linasema vimiminika. Mtu wa kwetu akisikia hivyo anafikiri maji, soda, bia, munkoyo. Kumbe sheria inahesabu pia kila kinachopakwa, kinachovutika na kinachopulizwa: asali, siagi ya karanga, jamu, mafuta ya ngazi hata yakiwa yameganda, losheni, dawa ya meno, manukato. Ungepanga hiyo orodha mbele ya mama yangu, angeelewa kwa dakika moja. Bango limeweka picha ya chupa moja ya maji, likamwachia mwenye asali atambue mwenyewe.

Kosa la pili ni hesabu isiyoelezwa. Namba 100 inahusu ukubwa wa chombo, haihusu kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 iliyobaki na mafuta kidogo chini inakataliwa. Vichupa vidogo kadhaa vya mililita 100 vinapita, mradi mfuko wa lita 1 ufungike vizuri. Msafiri ambaye hakuelezwa anaona dhuluma: kichupa kilichojaa kinapita, chupa iliyo karibu tupu inatupwa. Sheria isiyotoa sababu yake inafanana na mwalimu anayepiga bila kusema kosa. Mwanafunzi anajifunza woga, somo halijui.

Kosa la tatu ndilo lililoniuma zaidi: bango linasema kwa kuchelewa. Liko mahali ambapo valizi kubwa imeshakwenda, ndugu waliokusindikiza wamesharudi, na uamuzi uliobaki ni pipa tu. Hekima hiyo ingesemwa Likasi, siku tatu kabla, nikiwa bado na nafasi kwenye valizi, ingeokoa chupa nzima. Maana asali haijakatazwa kusafiri. Imekatazwa kukaa na abiria juu. Ndani ya mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, mililita 100 hazihusiki.

Sasa tuingie kwenye sura ya pili ya andiko hili, ile inayowachanganya wengi. Unatoka kwenye ukaguzi umenyang'anywa chupa yako, unapiga hatua chache, na unakuta duka linang'aa, limejaa chupa za lita nzima. Manukato, wiski, divai. Siku ile nilisema moyoni: kumbe ni biashara. Asali ya mama ni hatari, wiski ya duka ni salama, juu ya nini?

Niliamini hivyo kwa muda, kisha safari yenyewe ikanisahihisha. Kwenye ndege nilikaa na mzee mmoja mfanyabiashara, papa mwenye maneno mengi, aliyenunua wiski katika duka la bila ushuru. Walimpa ndani ya mfuko maalum wa plastiki wenye ukingo mwekundu, umefungwa, risiti imo ndani na inasomeka. Njiani akaona mfuko unamsumbua, akaupasua ili apange vitu vyake vizuri. Chupa yenyewe hakuigusa. Tulipofika pa kubadilisha ndege, tukapita ukaguzi tena, na wiski yake ikafuata njia ya asali yangu. Papa alilia kuliko mimi, maana yeye alilipa dola.

Hapo ndipo nilielewa maana ya ule mfuko. Bidhaa za duka lile zimekaguliwa kabla ya kufika rafuni, na mfuko uliofungwa ni ushahidi kwamba tangu kwenye kaunta hakuna mkono ulioigusa chupa. Ukiupasua, ushahidi umekufa, na chupa yako inakuwa sawa na ya mtu yeyote. Kwa hiyo hawaaminishwi na bei. Wanaaminishwa na mfuatano wa mikono. Asali ya mama nayo ilikuwa na mfuatano wa mikono: mzee wa Kambove, mama, mimi. Mikono mitatu, na yote naijua kwa majina. Ila haikuwa na karatasi. Ulimwengu ule unaamini karatasi, na siwezi kuulaumu sana, kwani mkaguzi hamjui mama yangu. Bado inauma.

Jina la duka nalo linastahili kukosolewa. Duka la kwanza la namna hii lilifunguliwa mwaka 1947 na Brendan O'Regan katika uwanja wa Shannon, Ireland. Wazo lake: abiria aliyekwisha kupita forodha ameshatoka nchini, kwa nini alipe kodi ya hapo? Wazo zuri. Lakini wengi wetu tunasoma "bila ushuru" tukidhani ni bila ushuru mpaka nyumbani. Hapana. Unakofika kuna kipimo chao. Ukiingia Umoja wa Ulaya kutoka kwetu, pombe kali inayoruhusiwa bila kodi ni lita 1 kwa mtu mzima. Ukizidisha, unatangaza na kulipa. Duka halitakuambia hivyo, kazi yake ni kuuza.

Na bango lenyewe limeanza kuzeeka. Kuna mashine mpya zinazopiga picha ya mzigo pande zote, na baadhi ya viwanja vimeacha mililita 100. London City waliacha Aprili 2023, Edinburgh Julai 2025. Lakini njiani mambo yalirudi nyuma pia: Juni 2024 Uingereza ilirudisha kipimo cha zamani kwa muda, na Septemba mwaka huohuo Ulaya ikafanya hivyo. Matokeo yake, rafiki yako aliyepita mahali fulani na chupa ya lita hajasema uongo, na ukimfuata unaweza kupoteza yako. Safari ya mtu wa Katanga karibu kila mara iko na kubadilisha ndege, na kila ukaguzi unahesabika. Fuata uwanja mkali kuliko yote kwenye njia yako.

Mdogo wetu, jibu lako njo hili. Mafuta ya ngazi, asali na pilipili ya mafuta vinaingia kwenye valizi inayokwenda chini. Vyombo viwe vya plastiki ngumu, usijaze mpaka juu, ziba kwa utepe, vaa mifuko miwili, kisha zungushia nguo. Asali ya kula mwenyewe, Umoja wa Ulaya wanaruhusu mpaka kilo 2. Nyama na maziwa usijaribu, forodha yao inakataa. Lutuku ya mjomba acha nyumbani: pombe kali inasafiri kwenye chupa ya kiwandani iliyofungwa tu, na inayozidi asilimia 70 hairuhusiwi popote ndani ya ndege. Dawa unayohitaji njiani, na maziwa ya mtoto, vinaweza kuzidi mililita 100, lakini uvitoe uvionyeshe, dawa ikiwa na karatasi ya daktari. Ukinunua dukani, usipasue mfuko mpaka ufike mwisho kabisa wa safari.

Ukosoaji wa mwisho unatuhusu sisi. Nimelaumu bango kwa kuchelewa, lakini sisi tuliotangulia tumechelewa kuliko bango. Tunaweka picha za theluji na za sherehe ya diploma. Hakuna anayeandika: hapa nilitupiwa chupa, hapa nilibishana nikaonekana mjinga. Kila mwaka mmoja wetu anaondoka, anabeba chupa mkononi kwa heshima, na anakutana na lile pipa akiwa peke yake. Tunamwacha mdogo wetu alipe ada ambayo sisi tumeshailipa.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda Kikula kwa mama. Tulikaa nje, akichambua sombe. Nikamwambia yote: pipa, bango, mwaka mzima wa uongo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, mikono ikiendelea na majani.

"Nilijuaka," akasema. "Haukusemaka hata siku moja utamu yake."

Kisha akaniangalia.

"Na chupa? Balitupa na chupa?"

Nikamwambia ndiyo, na chupa. Akatikisa kichwa, akatazama upande wa nyumba ya jirani. Kumbe deni la ile chupa alikuwa amelilipa yeye, na mimi hakuniambia.