Ladu za karoti bila oveni: kazi yote iko kwenye maji

Ladu za karoti zisizopikwa kwenye oveni zina tabia ya kudanganya. Ukizifinyanga asubuhi zinashika vizuri mkononi, duara safi, nazi imezifunika kotekote. Jioni ukifungua friji unakuta sahani imelowa, nazi imeloa chapachapa na ladu za chini zimebonyea. Wengi huilaumu tende, kisha huongeza biskuti za kusaga ili kukausha mchanganyiko. Tende wanaisingizia.

Karoti mbichi ni maji kwa karibu asilimia 88. Katika gramu 250, yaani karoti 3 au 4 za wastani, kuna maji ya gramu 220 hivi, ila yamefungiwa ndani ya seli. Ndiyo sababu mchanganyiko unaonekana mkavu mwanzoni. Sukari ya tende huyavuta maji hayo polepole, kama chumvi inavyoikamua nyanya kwenye kachumbari, na saa chache baadaye ladu zinaanza kutoa jasho.

Kwa hiyo sikubaliani na mapishi yanayosema changanya vyote vikiwa vibichi. Kukosa oveni si kukosa jiko. Osha karoti, zimenye, zikune kwa matundu madogo, zikamue kwa kitambaa safi (maji yake usiyamwage, yanafaa kwenye uji), kisha zikaange kwa moto mdogo na samli kijiko 1 kikubwa. Dakika hazisaidii sana hapa, maana karoti hazifanani. Kinachosema kweli ni mizani: gramu 250 zikishuka hadi 120 hivi, epua. Asiye na mizani apitishe mwiko katikati ya kikaango. Njia ikibaki wazi bila maji kurudi, na ule mlio wa kuchemka ukawa wa kukaanga, zimefika. Wapishi wa India ya kaskazini wanaotengeneza halua ya karoti hufuata mantiki hiyohiyo, ila wao huzichemsha ndani ya maziwa mpaka yakauke.

Samli ina kazi ya pili. Beta-karotini, rangi ya karoti, huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Utaiona samli ikigeuka rangi ya chungwa pembeni mwa kikaango. Harufu ya viungo nayo hushikwa na mafuta. Basi iliki nusu kijiko cha chai, mdalasini nusu, tangawizi ya unga robo na kungumanga kidogo sana viingie kikaangoni dakika ya mwisho, visisubiri bakuli. Iliki isagwe siku hiyohiyo, kwani ya unga iliyokaa kabatini hubaki vumbi tu. Karafuu mimi siitii: inaimeza karoti.

Tende gramu 150, zisizo na kokwa, zisilowekwe. Kuloweka ni kurudisha maji uliyohangaika kuyatoa. Zikiwa ngumu, zishikilie juu ya mvuke kidogo, kisha zitwange. Kinu kinaishinda blenda ndogo ya nyumbani, ambayo tende huigandia visu mpaka mota inapata moto. Korosho za kukaanga gramu 80 zipondwe chengachenga, zisiwe unga.

Acha karoti zipoe kabisa kabla ya kuunganisha, la sivyo mvuke utageuka matone ndani ya bakuli. Ongeza chumvi kidogo na vijiko 4 vya nazi kavu, finyanga, viringisha kwenye nazi nyingine. Utapata ladu 20 hivi ndogo. Nazi mbichi, hata kama mnazi uko uani, haifai mpaka uikaange ikauke: ina maji yake na huchacha upesi.

Kwenye friji, ndani ya chombo chenye mfuniko, zile ndani ya siku 4. Kwenye meza, kwa joto la Februari la Dar es Salaam au Mombasa, zimalize siku hiyohiyo.